Sungura wa Saa Nane Mchana

Mnunuzi wa sungura huuliza kilo. Nimesimama mara nyingi kwenye magulio ya Jumamosi, pale sungura wanapouzwa pamoja na kuku na njiwa, na swali la kwanza huwa lile lile: huyu akikomaa atafika kilo ngapi? Muuzaji jibu analo tayari. Humnyanyua mnyama kwa masikio, jambo linalomuumiza na lisilofaa kabisa, akamzungusha watu wamwone, kisha akataja saba au nane. Swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa, na ambalo mimi mwenyewe sikuliuliza nilipoanza kufuga, ni alizaliwa wapi, na huko kwao saa nane mchana hali inakuwaje.

Miaka michache iliyopita nilinunua Flemish Giant wawili, dume na jike, kutoka kwa mfugaji wa nyanda za juu. Walikuwa wanyama wa kupendeza mno, rangi ya mchanga, na dume nilimpakata kama mtoto wa mwaka mmoja. Niliwaleta Kigamboni mwezi wa Septemba, wakati hewa ya pwani bado inavumilika. Fundi alinijengea banda uani: miguu ya mbao, sakafu ya waya, bati jipya juu. Mlango tuliuelekeza magharibi ili mvua za vuli zisiwapige. Niliona nimekamilisha kila kitu.

Desemba walianza kuacha chakula mchana. Mwishoni mwa Januari, siku ambayo upepo wa kaskazi ulikatika tangu asubuhi, nilirudi nyumbani saa nane na nusu nikamkuta dume amelala ubavu, shingo ameinyoosha, pua imelowa, anahema kwa kasi ambayo macho hayawezi kuihesabu. Jua la alasiri lilikuwa limeingia lote kupitia mlango ule wa magharibi. Alikufa kabla ya magharibi. Mzee jirani yangu, mtu wa Tanga aliyefuga sungura tangu ujana wake, aliweka kiganja chake chini ya bati, akakiondoa haraka. “Mwanangu,” alisema, “mnyama huyu umempika.”

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasumbua wafugaji, mabwana mifugo na yeyote mwenye kizimba uani, nikitafuta jibu la jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kutoa pesa: ni sungura gani anayeweza kuishi nje katika nchi yetu?

Neno lenyewe “sungura” limetuponza kidogo. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayewashinda fisi na simba, ni mnyama wa porini ambaye hana undugu wa karibu na huyu wa banda. Wa porini huzaa watoto wenye manyoya, macho wazi, tayari kuruka. Huyu wa kufugwa huzaa vitoto vitupu kama vidole, vipofu, ambavyo hufumbua macho baada ya siku kumi hivi. Wawili hawa hawawezi hata kuzaliana. Lakini kwa kuwa tumewaita jina moja, wengi wetu tunaamini kwamba mnyama tuliyemwona akikatiza mbuga katikati ya kiangazi ndiye huyu tunayemfungia, na kwamba jua ni lake.

Sivyo. Sungura wote wa kufugwa duniani, kuanzia yule mdogo wa kupakatwa hadi jitu la kilo nane, wametokana na sungura pori wa Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Mnyama huyo ana uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili, na maisha yake yanazunguka shimo. Huchimba mahandaki, mchana wa jua kali hulala humo kwenye udongo wa baridi, na hutoka kula alfajiri na jioni. Kwa hiyo tunaposema “sungura wa nje”, ni vizuri tukumbuke kwamba nje ya asili yake ilikuwa na handaki ndani yake. Kusini mwa Tunisia kuna wafugaji waliozoea kuwaweka katika mashimo ya ardhini, na wanaelewa jambo ambalo mimi na fundi wangu hatukulielewa.

Sungura hatoki jasho. Joto lake hulipunguza kwa kuhema, na zaidi kwa masikio, ambayo yamejaa mishipa ya damu karibu na ngozi. Damu ya moto hupanda masikioni, hupozwa na hewa, hurudi mwilini. Mchana wa joto ukimgusa sikio utalisikia likiwa moto, na mishipa imetuna. Hewa ya banda ikiwa kati ya nyuzijoto 15 na 25 anaishi kwa raha. Ikipita 30 anaanza kuhangaika, na ikikaribia 35 masikio hayana tena pa kuutupa moto ule, maana hewa yenyewe inakaribia joto la damu yake. Dar es Salaam mwezi wa Februari mchana hufika 32 mara kwa mara, usiku hewa haishuki sana chini ya 25, na unyevu ni mwingi. Dodoma mchana unaweza kuwa mkali vilevile, lakini usiku unapoa na mnyama anapumzika. Ndiyo maana sungura wa Dodoma huonekana wepesi asubuhi wakati wa kwetu bado wanahema.

Hapo ndipo kilo zinapogeuka kuwa hasara. Mwili mkubwa hutengeneza joto jingi, na ngozi ya kulitoa ni ndogo ukilinganisha na uzito. Chukua sufuria kubwa ya uji na kikombe kimoja cha uji uleule, uviache mezani, utaona kipi kinapoa kwanza. Flemish Giant alistawishwa Flanders, Ubelgiji, upande wa mji wa Ghent, kwa watu waliotaka nyama nyingi katika nchi ya baridi. Huko alipotoka ukubwa ulikuwa faida. Pia uzito wake wote huegemea nyayo za nyuma, na kwenye sakafu ya waya nyayo hizo huchubuka, zikawa vidonda vinavyochukua miezi kupona. Anayemtaka jitu huyu amfuge Makete au Lushoto, ampe sakafu ya mbao na nyasi kavu, naye atamfurahia. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Unguja na Mombasa vilevile, nasema bila kusita: mwache.

Baada ya dume wangu kufa, nilimpeleka jike kwa dume wa mtu mwingine, hapa hapa Kigamboni. Nilimpeleka Februari, nikarudi naye Machi, nikarudi naye Aprili. Hakuna kitu. Nilimlaumu jike, nikidhani ugonjwa wa joto ulimharibu tumbo. Bwana mifugo mmoja ndiye aliyenifumbua macho: dume akikaa siku kadhaa kwenye joto kali mbegu zake za uzazi huharibika, naye huhitaji wiki saba hivi kutengeneza nyingine nzima. Yule dume alikuwa na afya, anakula, anapanda kwa bidii, lakini alikuwa tasa kwa muda. Ukijumlisha wiki hizo na siku 31 za mimba, mfugaji wa pwani anaweza kuanza mwaka kwa matumaini na kufika Juni hana hata kitoto kimoja. Jike yule alizaa Julai, vitoto vinne, viwili vikabaki.

Sasa niziseme mbegu nyingine za sungura zinazopatikana kwetu. New Zealand, licha ya jina, ilitengenezwa Marekani. Yule mweupe mwenye macho mekundu ndiye anayeonekana zaidi katika mashamba ya kisasa, Kenya na Tanzania. Hufika kilo nne hadi tano, manyoya yake mafupi yamebana, na nyayo zake zina manyoya mazito yanayoustahimili waya. Ni mzazi mzuri na mama mzuri. Kwa uani wa Morogoro, Arusha au Nairobi namsifu. Pwani anahitaji kivuli cha kweli, na macho yake hayapendi mwanga mkali, kwa hiyo usimweke kizimba kisicho na kona yenye giza.

Californian ndiye ninayempenda kuliko wote, na sababu yangu moja haina uhusiano na nyama. Mbegu hii ilianzishwa California miaka ya 1920 na George West, aliyechanganya Himalayan, Chinchilla na New Zealand mweupe. Kutoka kwa Himalayan alirithi rangi ya ajabu: mwili mweupe, lakini pua, masikio, miguu na mkia ni vyeusi. Weusi huo hutengenezwa na kimeng’enya kinachofanya kazi mahali penye ubaridi tu. Vitoto huzaliwa vyeupe kwa sababu tumboni mwa mama ni joto. Vikishatoka, sehemu za pembeni za mwili zinazopoa haraka ndizo zinazoanza kupata rangi. Jike wa Californian niliye naye sasa ana pua ya kijivu iliyofifia, kama mtu aliyepakwa majivu. Dada yake wa tumbo moja alipelekwa kwa ndugu yangu Lushoto, na nilipomtembelea mwezi wa Julai nilikuta ana pua na masikio meusi tititi. Mama mmoja, baba mmoja, chakula karibu kimoja. Sungura hawa hubeba hali ya hewa ya mahali pao kwenye ngozi, na mfugaji anayejua kutazama anaweza kumkagua wa muuzaji na kukisia ametoka baridini au jotoni. Uzito wake ni wa wastani, kilo tatu na nusu hadi nne na nusu, na nyayo zake ni imara kama za New Zealand.

Chinchilla wa kijivu, ambaye Wafaransa walimtoa hadharani mwaka 1913, ni mdogo zaidi, hana makuu katika kula, na nimeona wengi wakiishi vizuri pwani. Dutch, yule mwenye mkanda mweupe kifuani, hana kilo tatu. Nyama yake ni kidogo, lakini kwa watoto wa nyumbani na kwa uani wenye joto ni mpole na mwepesi. Rex ana manyoya kama mahameli, ila nyayo zake karibu ni tupu, na waya utamtesa. Angora wa manyoya marefu amevaa blanketi asiloweza kulivua. Wale wenye masikio yanayoning’inia, wanaopendwa sana kwenye picha, hawapati hewa masikioni kama wenye masikio ya kusimama, na uchafu hujikusanya ndani yake. Sitamshauri mtu wa Temeke kununua yeyote kati ya hawa watatu wa mwisho kwa ajili ya nje.

Lakini jibu lililonichukua muda mrefu kulikubali, kwa sababu nilikuwa nimelewa majina ya mbegu, alikuwa nalo mzee jirani siku zote. Sungura wake hawakuwa na jina. Walikuwa wa kijivu, wa kahawia, weusi wenye baka jeupe, kilo mbili na nusu au tatu. Watu waliwaita wa kienyeji, ingawa hakuna sungura wa kufugwa aliye mwenyeji wa Afrika Mashariki. Wote mababu zao waliletwa na wageni. Wanaitwa hivyo kwa kuwa wamezaliana hapa vizazi vingi bila mtu kuwapangia, na kila kaskazi ilipopita iliwachukua waliokuwa dhaifu. Waliobaki ndio waliozaa. Jike wake alizaa vitoto vitano au sita tu, wakati mbegu za kisasa hupata wanane na zaidi, lakini mzee aliwakuza wote.

Misri wanalo jambo kama hilo kwa kiwango kikubwa. Wana sungura wao wa baladi, na huko Sinai Mabedui wamefuga Gabali, mnyama wa jangwani asiye mkubwa. Huko Marekani, katika chuo kikuu cha Texas A&M kilichopo Kingsville, mji wa joto karibu na Ghuba ya Meksiko, Steven Lukefahr na wenzake walichanganya mbegu kadhaa, Californian na New Zealand zikiwemo, kisha wakachagua kizazi baada ya kizazi wale waliostahimili joto na kukua vizuri. Sungura hao wakaitwa TAMUK. Kazi iliyofanywa na wasomi kwa mizani na daftari ndiyo iliyofanywa na Februari za pwani kwenye banda la mzee bila daftari.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza pwani ni huu: tafuta majike wa kienyeji wenye nguvu, waliozaliwa mtaani kwako au mtaa wa pili, na uwapandishe kwa dume wa Californian au New Zealand. Chotara wao hufika kilo tatu hadi tatu na nusu, hukua haraka kuliko mama yao, na wana uvumilivu wa kwao. Kisha usichague wa kubakiza kwa ukubwa. Andika jike yupi alilea watoto wake Januari hadi Machi, na bakiza mabinti wake. Badili dume kila baada ya mwaka au miwili na mfugaji mwenzako ili ndugu wasizaliane.

Mwenye kufuga Njombe, Lushoto au Limuru anasoma haya akitabasamu, maana shida yake ni nyingine. Usiku wa Juni na Julai Njombe hushuka chini ya nyuzijoto 10. Sungura mzima aliyekauka hastuki na baridi hiyo. Babu zake walivumilia kubwa zaidi. Kinachomuua ni upepo unaopenya na manyoya yaliyolowa, na vitoto vikizaliwa kwenye kiota kisicho na nyasi za kutosha. Huko chagua mbegu kubwa ukipenda, lakini angalia mama: jike mzuri hujinyofoa manyoya ya kifua na tumbo kabla ya kuzaa na kufunika vitoto vyake. Asiyefanya hivyo mara mbili mfululizo, usimwache aendeleze uzao.

Banda lina uzito sawa na mbegu. Langu la sasa liko chini ya mwembe, mlango umetazama kusini, paa ni la makuti yaliyotandikwa juu ya bati na nafasi ya shubiri moja katikati ili hewa ipite. Sakafu ni ya fito zilizopangwa karibu karibu, kinyesi na mkojo vidondoke. Kila mguu wa banda umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu. Hilo ni kwa ajili ya siafu, adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji. Usiku mmoja wa masika wanaweza kumaliza kiota kizima na kumjeruhi mama vibaya. Nguchiro, kanu na paka shume nao huja, kwa hiyo wavu wa kuku peke yake hautoshi. Tumia wavu wa waya mgumu uliochomelewa. Saa sita mchana naongeza maji, maana jike anayenyonyesha anaweza kumaliza zaidi ya lita moja kwa siku. Siku mbaya kabisa nafunga chupa ya maji yaliyogandishwa kwa kitambaa na kuilaza kizimbani. Akihema sana namlowesha masikio taratibu kwa maji ya kawaida, bila kummwagia mwili.

Chakula nje ni rahisi: mchunga, matembele, kishonanguo, majani ya maharage, vyote nikivinyausha kidogo kwanza ili umande usiwajaze tumbo. Sehemu kubwa ya chakula naihamishia jioni, maana usagaji wa chakula huongeza joto mwilini, na mnyama huyu kwa asili ni mlaji wa magharibi na usiku.

Ukienda kununua, nenda mchana. Wengi huenda asubuhi kukiwa na ubaridi, wakati kila sungura ni mchangamfu. Nenda saa nane, mtazame mama yake na baba yake mahali wanapokaa. Kagua ndani ya masikio kama kuna ukoko wa utitiri, pua kama ni kavu, sehemu ya ndani ya miguu ya mbele kama manyoya yamegandamana, dalili kwamba anapangusa kamasi. Geuza nyayo za nyuma uone kama zina vidonda. Angalia meno ya mbele yamekutana sawasawa. Muuzaji akikukataza kuona wazazi, ondoka hata kama mnyama ni mzuri.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinipigia simu akitaka dume “mkubwa kabisa” kwa ajili ya uani kwake Mbagala. “Mama, nataka wa kilo saba,” alisema. Nilimwambia aje Jumapili saa nane. Alikuja na boksi kubwa. Tulikaa chini ya mwembe karibu saa nzima tukiwatazama: jike wa kijivu, mjukuu wa sungura wa mzee, amejinyoosha kwenye fito akitafuna taratibu, na vitoto sita vya Februari vikipita juu ya mgongo wake. Kizimba cha pili, dume wa Californian aliyeletwa kutoka Lushoto wiki tatu kabla alikuwa anahema, mdomo umefumbwa, mbavu zikienda mbio. Kijana aliangalia huku, akaangalia kule. Aliondoka na mabinti wawili wa yule wa kijivu ndani ya boksi lile lile kubwa, akaniomba nimwekee dume mdogo wa mwanzo wa msimu wa baridi.